Handikapu 21.8 kwenda 15 ndani ya mwaka mmoja: mnatabiri nini?

Mpiga_Slaisi

Wakuu, habari za mwisho wa mwaka.

Napanga malengo ya gofu ya mwakani na sitaki yawe yale ya kuandikwa Januari na kusahaulika Machi. Naweka namba zote mezani ili mnaojua hesabu mnikosoe.

Handikapu indeksi (kipimo cha uwezo, ikishuka ndivyo unavyocheza vizuri zaidi): 21.8. Uwanja wa nyumbani ni pari 72 (mikwaju inayotarajiwa), reti 71.2 (alama anayotarajiwa kupata mwenye handikapu sifuri), slopu 128 (ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida) kwa tii (sehemu za kuanzia) ninazochezea. Raundi ni mbili kwa mwezi, mara chache tatu. Muda wa mazoezi ni dakika 90 kwa wiki, hauongezeki. Wastani wa raundi 10 za mwisho: grosi (mikwaju yote) 100, puti (mikwaju ya kuviringisha mpira kwenye grini, yaani nyasi fupi zenye shimo) 37, grini za puti tatu 5, mikwaju ya adhabu 3 (karibu yote ni mipira inayotoka nje ya mipaka kulia), chipu (mikwaju mifupi ya kuingia grini) zilizokataa kufika grini au zilizovuka ng'ambo 3.

Malengo niliyoandika:

1. Handikapu 15 kufikia Desemba
2. Draiva (fimbo ya kupiga mbali) yadi 250
3. Puti chini ya 32 kwa raundi
4. Grosi chini ya 90 walau mara tatu

Lipi libaki, lipi lifutwe? Na wataalamu wa utabiri: mtu mwenye namba hizi atakuwa wapi Desemba ijayo?

---

Grosi_na_Neti

Mkuu, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeleta namba. Basi tuzipige hesabu.

Indeksi si wastani wa mchezo wako. Tangu mfumo wa dunia uanze 2020, inachukua raundi zako 20 za mwisho, inachagua 8 bora, inatoa wastani wa tofauti zake. Tofauti ya raundi moja ni grosi iliyorekebishwa, toa reti ya uwanja, zidisha kwa 113, gawa kwa slopu. (Kuna na marekebisho ya hali ya siku, ila siku nyingi ni sifuri.) Kwa uwanja wako, grosi 94 inatoa 22.8 × 113 ÷ 128 = 20.1.

Sasa igeuze. Indeksi 21.8 maana yake raundi zako 8 bora zina wastani wa takriban 96. Ili uwe 15.0, hizo 8 lazima ziwe na wastani wa 88. Lengo namba 1 kwa hiyo linadai mikwaju minane kwa raundi, na si kwenye raundi mbovu. Kwenye raundi zako nzuri kabisa. Namba 4 uliyoiona ndogo imo ndani ya namba 1 na inazidiwa nayo: ukiwa 15 kweli, utakuwa umeshapiga chini ya 90 mara nyingi kuliko tatu.

Hapa ndipo watabiri wengi hujikwaa. Mtu anasema: nina puti tatu 5, nikizifanya 3 nimeokoa 2. Adhabu 3 zikiwa moja na nusu, nimeokoa moja na nusu. Chipu vilevile. Jumla mikwaju 5, natoka 96 naenda 91, indeksi 17.5. Hesabu nzuri, ila imechanganya vitu viwili. Makosa hayo umeyahesabu kwenye wastani wa raundi *zote*, zile za grosi 100. Raundi zako 8 bora ni bora kwa sababu siku hizo makosa yalikuwa machache tayari. Siku uliyopiga 94 pengine hukuwa na OB (mpira nje ya mipaka) hata moja, kwa hiyo hakuna OB ya kuokoa pale. Ukirekebisha makosa hayo, wastani wako wa 100 utashuka haraka kuliko indeksi. Utabiri wangu: Desemba utakuwa kati ya 18 na 19, grosi ya kawaida 95 au 96, na raundi moja au mbili za 89. Si matokeo mabaya hata kidogo kwa dakika 90 za wiki.

Jambo la pili ni mpangilio wa muda. Kwa raundi 26 kwa mwaka, indeksi ya Desemba itasoma raundi za kuanzia mwishoni mwa Machi, na 8 bora zinaweza kutoka zote nusu ya pili ya mwaka. Usikate tamaa Mei ukiona namba haijasogea. Raundi nzuri ikiingia, indeksi hushuka siku inayofuata. Raundi mbaya haionekani mpaka nzuri ya zamani itoke nyuma ya foleni ya 20, ndipo indeksi inaruka ghafla bila wewe kuwa umecheza vibaya wiki hiyo. Ukipanda zaidi ya 3.0 juu ya indeksi yako ya chini kabisa ya miezi 12, kinachozidi kinakatwa nusu, na juu ya 5.0 hakipiti kabisa. Kwa mfano ya chini ni 17.2 na hesabu inatoa 22.2: utaandikiwa 21.2.

Na kadi ziwe za kweli. Puti ya kupewa kwa kuwa "iko karibu", mpira wa pili kwenye tii ya kwanza kwa kuwa "bado tunapasha misuli", hizo zinashusha indeksi kwenye karatasi, kisha siku ya shindano la mwezi neti yako (grosi toa handikapu) inakuumbua mbele ya watu. Upande wa pili, shimo likikuharibikia usiliandike 11. Kikomo cha handikapu kwa shimo ni pari, ongeza 2, ongeza mikwaju unayopewa pale. Handikapu yako ya uwanja (indeksi ikigeuzwa kwa uwanja wako) ni 24, yaani mkwaju mmoja kila shimo na wa pili kwenye mashimo 6 magumu zaidi. Pari 4 yenye namba ya ugumu 3 mwisho wako ni 8. Pari 3 yenye namba 15, mwisho ni 6.

---

Mzee_wa_Puti

Futa namba 3. Idadi ya puti haisemi kama unaputi vizuri. Mtu anayekosa grini zote na kuchipu hadi mita moja atakuwa na puti 28. Atakayefika grini nyingi kwa mbali mita 12 atakuwa na 36, na amecheza vizuri kuliko wa kwanza. Andika badala yake: *puti tatu zisizidi 2 kwa raundi*. Hiyo huwezi kuipata kwa bahati ya chipu.

Sababu ya puti tatu kwa handikapu yako karibu kila mara ni umbali wa puti ya kwanza, si mstari. Kutoka mita 10 utakosea mstari nusu mita, lakini umbali utakosea mita mbili. Na puti ya mita mbili na nusu hata wacheza wa kulipwa wa Marekani hutumbukiza takriban nusu tu, sasa wewe unategemea nini pale?

Zoezi la dakika 25: mipira mitatu, tii tatu zimechomekwa hatua 6, 9 na 12 kutoka kwenye ukingo wa grini. Putia *ukingo*, usiputie shimo. Shimo linakuvuta ufikirie kuingia, ukingo unakulazimisha ufikirie kusimama. Mpira unaosimama ndani ya urefu wa fimbo yako ya kuputi ni alama 1. Alama za juu ni 9. Usiondoke chini ya 6. Badilisha umbali kila puti, usirudie umbali mmoja mara tatu, kwa sababu uwanjani hakuna anayekupa puti ile ile mara mbili.

Kisha dakika 10 za mita moja na nusu: choma tii mbili zenye nafasi kidogo kuliko upana wa kichwa cha fimbo, upana wa kidole kila upande, mpira katikati. Fimbo ikigusa tii ya nje umesukuma, ya ndani umevuta. Puti 20. Kasi iwe ile ya mpira kupita shimo sentimita 30 hadi 45 ukikosa.

Kwa sisi wa pwani tunaoputi juu ya nyasi za bermuda, tazama nyasi zimelalia wapi. Upande unaong'aa nyasi zinakimbia kutoka kwako, mpira utaenda kasi. Upande wenye giza zinakuja kwako, ongeza nguvu. Ukitazama ukingo wa shimo lenyewe utaona upande mmoja umechakaa, nyasi zinaelekea huko.

---

Rafu_ya_Kikuyu

Nakubaliana na Mzee kwa puti ila namkatalia dakika. 35 kati ya 90 kwa puti peke yake ni nyingi kwa mtu ambaye chipu tatu kwa raundi hazifiki grini. Chipu iliyoshindwa ni mkwaju mzima umepotea, na bado haujagusa puti.

Kule kwetu Nairobi adui ni nyasi za kikuyu. Mpira wa chini unaorukaruka hadi grini, ule unaofundishwa kwenye video za Uingereza, hapa unakufa. Kikuyu inashika mpira kama zulia. Kanuni ya kufuata: mpira utue *ndani* ya grini walau mita moja, haijalishi unachukua weji (fimbo ya kuinua mpira kwa karibu) gani. Kama kati yako na grini kuna kikuyu ya mita 3 na bendera iko karibu, sahau bendera, lenga katikati.

Ndani ya rafu (nyasi ndefu) yenyewe, kikuyu hujisokota kwenye shingo ya fimbo na kufunga uso wake, mpira unatoka chini na kushoto. Shika fimbo kwa nguvu zaidi ya kawaida, fungua uso kidogo, shuka kwa pembe kali. Ukiona nusu ya juu tu ya mpira, hapo ni weji na kurudi feawei (njia ya nyasi fupi), hata pembeni. Anayechukua haibridi (fimbo ya mbali) pale ndiye anayegeuza bogi (mkwaju mmoja juu ya pari) kuwa saba.

Lengo ambalo ningekuandikia ni hili moja: *mashimo ya dabo bogi (miwili juu ya pari) au zaidi yasizidi 4 kwa raundi*. Hesabu mwenyewe: bogi mashimo 14 na dabo 4 ni 22 juu ya pari, grosi 94, bila hata pari moja. Ongeza pari nne badala ya bogi, ni 90. Hakuna badi (mmoja chini ya pari) humo ndani, hakuna draiva ya ajabu.

Na ukija kucheza huku kutoka pwani, kumbuka mwinuko. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na mpira huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 6. Aini (fimbo ya chuma) inayokupa yadi 150 hewani pwani itakupa karibu 159. Wageni wengi siku ya kwanza wanavusha grini, siku ya pili wanaanza kupunguza nguvu badala ya kupunguza fimbo, kisha wanauliza kwa nini wanapiga ardhi.

---

Tii_ya_Kati

Kuhusu yadi 250: draiva inayokwenda OB kulia ikiongezwa yadi 20 inakwenda OB mbali zaidi.

Weka lengo la mipira iliyo mchezoni: kwenye mashimo 14 ya pari 4 na pari 5, mipira 12 iwe mahali ambapo mkwaju wa pili unaweza kupigwa kuelekea grini. Feawei au rafu nyepesi, yote sawa.

Kwa slaisi (mpira unaopinda kulia), mpira huanza karibu na uelekeo wa uso wa fimbo, na hupinda kulia kwa sababu uso umefunguka kulinganisha na njia ambayo fimbo inapita. Kagua mshiko kwanza: ukitazama chini uone vifundo viwili hadi vitatu vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja, uso utafika umefunguka hata ufanye nini na mabega. Pili, mabega yakitazama kushoto "ili kufidia slaisi" yanaongeza slaisi, maana njia ya fimbo inakatiza zaidi. Laza fimbo chini mabegani na miguuni kila mazoezi.

Mpaka itengemae: hatari ikiwa kulia, weka tii upande wa *kulia* wa eneo la kuanzia na lenga kushoto mwa feawei. Shimo jembamba, chukua haibridi. Na ukihisi mpira umetoka, piga wa akiba pale pale, ukitamka wazi kwamba ni wa akiba. Usipotamka, huo ndio mpira wako sasa. Muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5 tena tangu 2019. Uliza pia kama kamati yenu imepitisha kanuni ya kudondosha karibu na feawei kwa mikwaju miwili ya adhabu. Klabu nyingine wanayo kwa raundi za kawaida, mashindano makubwa hawaitumii.

---

Mpiga_Slaisi

Nashukuru sana wakuu. Kumbe lengo langu la kwanza lilikuwa la mikwaju minane na sikujua.

Maswali mawili: (a) siku za kazi naweza kucheza mashimo 9 jioni, yanahesabika? (b) Masika uwanja wetu hugeuka bwawa. Nihesabu raundi za Aprili au nizipe mgongo?

Halafu mfuko wangu: weji ya seti ni digrii 44, nyingine ni 56. Kuna mtu kaniambia ninunue 60.

---

Grosi_na_Neti

(a) Yanahesabika. Tangu marekebisho ya 2024, alama ya mashimo 9 hujazwa na matarajio ya mashimo 9 mengine kulingana na indeksi yako, unapata tofauti ya mashimo 18 siku hiyo hiyo bila kusubiri 9 nyingine. Ila uwe na mtu wa kucheza naye, raundi ya peke yako haikubaliki. Na angalia hili: nusu ya alama ni makadirio, kwa hiyo 9 za jioni hazitakupa raundi za chini sana wala za juu sana. Ukitaka kuishusha indeksi, mashimo 18 ndiyo yenye nafasi.

---

KusiKaskazi

(b) Mkuu, zihesabu, ila usizipime kwa kipimo cha Januari. Kalenda ya malengo ifuate mvua na upepo.

Januari na Februari ni kavu. Mpira unakimbia baada ya kutua, draiva inaonekana ndefu, grini ni ngumu na hazishiki. Hapo fanya kazi ya chipu na kutua mbele ya bendera. Usijisifu kwa yadi za Februari, ni ardhi inakusaidia.

Machi hadi Mei, masika. Mpira unatua na kuganda, pari 4 ndefu inakuwa ya mikwaju mitatu kwako. Kubali hivyo tangu kwenye tii. Kamati ikitangaza kuinua na kusafisha mpira kwenye feawei, tumia kanuni hiyo, alama bado zinahesabika kwa handikapu. Bila tangazo huruhusiwi, hata kama mpira umevaa tope lote, isipokuwa umezama kwenye alama uliyoichimba wenyewe ulipotua. Grini za masika ni laini na polepole, na ndiko unapoweza kulenga bendera moja kwa moja.

Kwetu pwani ongeza upepo. Kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba au zaidi. Shimo lile lile lina sura mbili kwa mwaka. Upepo wa usoni unaiba zaidi kuliko wa mgongoni unavyotoa: makadirio ya wachezaji ni asilimia 1 kwa kila maili ya kasi ukiwa usoni, nusu yake ukiwa mgongoni. Yadi 150 dhidi ya upepo wa maili 10 icheze kama 165. Chukua fimbo kubwa na upige *taratibu*. Ukipiga kwa hasira unaongeza mzunguko, mpira unapanda na kusimama hewani.

Kwa hiyo raundi zako za kushusha indeksi zitafute Juni hadi Oktoba. Ukikosa huko, Desemba haitakuokoa.

---

Rafu_ya_Kikuyu

Achana na 60. Pengo lako ni kati ya 44 na 56, digrii 12. Kila digrii 4 ni yadi 10 hadi 12 hivi, kwa hiyo una shimo la zaidi ya yadi 30 ambalo unalijaza kwa kubahatisha nusu mkwaju. Nunua 50. Weji ya 56 iangalie baunsi (pembe ya tako la fimbo): 12 au zaidi inafaa mchanga laini na masika, lakini kwenye ardhi kavu ya Februari ukingo unadunda na unapiga mpira katikati ya tumbo lake.

Ukiipata hiyo 50, tumia mipira 30 kujua umbali wake wa aina tatu: mikono ikiishia kiunoni, kifuani, na kamili. Andika kwa kalamu isiyofutika kwenye uti wa fimbo. Inaruhusiwa.

---

Mzee_wa_Puti

Nimekubali dakika 25 za puti badala ya 35, Rafu asinune. Mgawo basi: puti 25, chipu 35 (nusu yake kwenye nyasi mbaya, usichague mahali pazuri), weji na mshiko wa draiva 30, mipira isizidi 40.

Nyongeza mbili. Gripu: kwa jasho na joto la Dar zinaisha ndani ya mwaka kwa anayecheza kila wiki mbili na kuacha mfuko kwenye buti ya gari. Zikianza kuteleza unakaza mikono, uso unafunguka, na slaisi inarudi ukadhani ni mabega. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila mwezi, badilisha zikishang'aa.

Na kedi (mbeba mfuko wako). Mwambie kwanza wewe unaona mstari gani, kisha aseme yeye. Ukimuuliza tu "inakwenda wapi?" hutajifunza kusoma grini miaka kumi. Halafu asisimame nyuma yako kwenye mstari unapoanza kujipanga. Akiwa bado pale ukapiga bila kujitoa na kujipanga upya, ni mikwaju miwili, na watu wengi bado wanaikosea hii.